Theluji Haijali Ukubwa wa Injini

Historia ya teknolojia huandikwa mara nyingi kama historia ya nguvu. Tunahesabu nguvu za farasi, tunapanga injini kwa ukubwa, tunataja mwaka ambao kiwanda fulani kilikishinda kingine, kisha tunadhani tumeeleza jambo. Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa miaka kadhaa nimetumia darasani mfano mmoja unaowashangaza wanafunzi wangu kwa kuwa hauhusu vita, mapinduzi wala katiba. Unahusu gari la spoti lenye nguvu nyingi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, likiendeshwa katika theluji na barafu za majira ya baridi ya Ulaya.

Nimeuchagua mfano huo kwa sababu ndani yake swali kubwa linaonekana waziwazi: nguvu huwa nguvu lini? Injini inaweza kuwa na uwezo wa kutisha, lakini ardhi iliyo chini ya magurudumu ikikataa, uwezo ule unaishia kuzungusha tairi mahali pamoja. Hoja yangu ni kwamba mshiko wa ardhi hutangulia nguvu ya mashine, na kwamba mshiko huo ni elimu ambayo watu huipata kwa kuishi na ardhi yao. Nitaijenga hoja hii kutoka milima ya Alps, kisha nitaileta nyumbani, kwa maana watu wale wale walioshindana kwenye theluji ndio waliokuja kushindana kwenye matope yetu.

Tuanzie Monaco. Mashindano ya magari ya Monte Carlo yalifanyika kwa mara ya kwanza Januari 1911, chini ya baraka za mtawala wa nchi hiyo ndogo, Albert I. Lengo halikufichwa: Monaco ilihitaji wageni wenye fedha wakati wa baridi, na kasino yake ilihitaji wateja. Washiriki walianzia miji mbalimbali ya Ulaya na kukutana pwani ya Mediterania. Mshindi wa kwanza alikuwa Henri Rougier, aliyetoka Paris na gari aina ya Turcat-Méry. Waamuzi wa mwaka ule walitazama hata hali ya gari na starehe ya abiria lilipofika, jambo lililozua malalamiko mengi.

Kwa hiyo majira ya baridi hayakuingia katika mashindano hayo kwa bahati mbaya. Yaliwekwa makusudi, kwa sababu za kibiashara, na baadaye yakageuka kuwa mtihani wenyewe. Njia ilivuka milima ya kusini mashariki mwa Ufaransa, na kituo kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa Col de Turini, mlimani juu ya mji wa Nice, mita 1,607 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja wa mlima lami inaweza kuwa kavu. Upande wa pili, kivulini, barafu inaweza kuwa imeganda tangu wiki iliyopita. Dereva anapita kutoka lami kavu hadi barafu katika kona moja, usiku.

Mwaka 1965 theluji ilishuka kwa wingi usio wa kawaida. Zaidi ya magari 200 yalianza safari, na chini ya 40 yalifika Monaco. Aliyeshinda alikuwa Timo Mäkinen wa Ufini, akiwa na Mini Cooper S, kigari kidogo kinachovutwa na magurudumu ya mbele. Hilo linaeleweka kwa urahisi: injini iko juu ya magurudumu yanayovuta, uzito unayakandamiza, tairi zinashika. Kinachohitaji maelezo ni nafasi ya pili. Ilichukuliwa na Mjerumani Eugen Böhringer, akiwa na Rolf Wütherich, ndani ya Porsche 904. Gari hilo lilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya mbio. Lilikuwa fupi kwa kimo, limelala karibu na ardhi, na nguvu yake yote ilikwenda kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Kwa kipimo chochote cha kawaida, gari la namna ile lilipaswa kuzikwa kwenye theluji saa za mwanzo kabisa.

Ili tuelewe ukubwa wa jambo hilo, hatuna budi kuingia kidogo katika fizikia. Nawaomba wasomaji wangu wa fani za sanaa wavumilie, hesabu zenyewe ni nyepesi. Tairi likiwa juu ya lami kavu hushika kwa nguvu inayokaribia asilimia 80 ya uzito unaolikandamiza. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, kiwango hicho hushuka hadi karibu asilimia 20. Juu ya barafu ni asilimia 10, pengine chini ya hapo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, breki zikishakamata barabara, litasimama ndani ya mita 12 hivi kwenye lami kavu. Kwenye theluji litahitaji karibu mita 50, na kwenye barafu karibu mita 100. Breki ni zile zile na dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni ardhi.

Sasa chukua gari la kilo 1,000 ambalo nusu ya uzito wake imekaa juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye theluji, magurudumu hayo mawili yanaweza kulisukuma gari kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100 tu. Ukiweka injini ya nguvu za farasi 80 au ya nguvu za farasi 300, kiasi hicho hakiongezeki hata kidogo wakati wa kuondoka. Kinachoongezeka ni urahisi wa kukivuka. Mwenye injini ndogo akikanyaga mafuta kwa pupa atateleza kidogo. Mwenye injini kubwa akikanyaga kwa pupa hiyo hiyo, magurudumu yatazunguka bure na mkia wa gari utaanza kutafuta njia yake. Ndiyo maana gari lenye nguvu nyingi hudai mguu mpole kuliko gari dhaifu.

Kwenye kona mambo huwa magumu zaidi. Magurudumu ya nyuma ya gari la aina hii yana kazi mbili kwa pamoja: kusukuma gari mbele na kulizuia lisiyumbe upande. Mshiko wa tairi ni mfuko mmoja. Ukiutumia wote kwa kusukuma, hakuna kinachobaki cha kuzuia kuyumba, na mkia unatoka nje. Dereva asiyejua huogopa, akaachia mafuta ghafla au kukanyaga breki. Kufanya hivyo huhamisha uzito kwenda mbele, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi zaidi, na gari linageuka kama pia. Anayejua hugeuza usukani kuelekea upande ambao mkia unakimbilia, hulegeza mafuta taratibu, na hungoja. Kungoja huko, kwa nusu sekunde ambayo moyo unapiga kelele zote, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Porsche 911, gari lililoonyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, lilikuwa na hali ya pekee katika jambo hili. Injini yake ya silinda sita imewekwa nyuma kabisa, kupita ekseli ya nyuma, kiasi kwamba sehemu kubwa ya uzito wa gari iko mkiani. Kwenye theluji hiyo ni neema, kwa sababu uzito unayakandamiza magurudumu yanayosukuma, nalo linapanda mlima ambapo magari mengine ya magurudumu ya nyuma yanakwama. Lakini neema hiyo ina bei yake. Mkia mzito ukishaanza kuyumba, haurudi kwa hiari. Unakwenda kama jiwe lililofungwa kwenye kamba. Wapo madereva walioliogopa gari hili kwa sababu hiyo hiyo iliyowafanya wengine walipende.

Waliolipenda wakaligeuza tatizo kuwa mbinu. Madereva wa Uswidi na Ufini walikuwa na njia yao ya kuingia kona yenye utelezi: kabla ya kona ya kulia, dereva hugeuza kwanza kidogo kushoto, gari likaegemea, kisha hurudisha usukani kulia ili uzito unaorejea ulizungushe gari lenyewe kuelekea kona. Mkia wa 911 ulifanya kazi hiyo vizuri kuliko magari mengi. Badala ya kupambana na utelezi, waliutumia kugeuza gari. Mbinu hiyo ilizaliwa katika nchi ambazo barabara za vijijini ni za changarawe wakati wa kiangazi na barafu wakati wa baridi, na ambako kijana hujifunza kuendesha juu ya vitu vyote viwili kabla hajasikia habari za mashindano.

Mmoja wao alikuwa Björn Waldegård, aliyezaliwa mwaka 1943 kaskazini mwa Stockholm. Mwaka 1969, akiwa na msoma ramani wake Lars Helmer, alishinda Monte Carlo kwa Porsche 911 S. Mwaka 1970 wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka mmoja kabla ya ushindi wa kwanza wa Waldegård, yaani 1968, Mwingereza Vic Elford na David Stone walikuwa wameshinda kwa 911 T. Kwa hiyo kwa miaka mitatu mfululizo mashindano ya theluji yaliyo maarufu kuliko yote duniani yalikuwa mali ya gari la spoti lenye injini mkiani na magurudumu mawili yanayosukuma.

Ushindi wa 1968 una kisa ambacho mwanahistoria wa jamii hawezi kukipita. Mfaransa Gérard Larrousse, akiwa na gari la Alpine, alikuwa akipigania ushindi usiku wa mwisho. Mlimani Turini alikuta theluji mahali ambapo haikutarajiwa. Watazamaji waliokaa kando ya barabara walikuwa wameitupa pale kwa mikono yao, ili waone magari yakiteleza. Gari lilimponyoka Larrousse, na mashindano yake yakaishia hapo. Mwaka uliofuata alihamia Porsche, akamaliza wa pili nyuma ya Waldegård, na mwaka 1970 ikawa hivyo hivyo. Nikisimulia kisa hiki darasani huwaambia wanafunzi wasidhani kwamba utelezi wote unatoka mbinguni. Upo utelezi unaomwagwa na watu walio salama kando ya njia, kwa burudani yao, na anayelipa ni aliye barabarani.

Kuna jambo jingine ambalo simulizi za ushujaa hulisahau. Madereva hawa hawakutegemea vipaji peke yao. Timu kubwa zilituma watu watangulie saa chache kabla, wapite njia ile ile, waandike barafu iko kona gani na theluji imeyeyuka wapi. Kwa taarifa hizo timu ilichagua matairi: ya kawaida, ya theluji, au yenye misumari midogo ya chuma inayong'ata barafu. Raba ya tairi la spoti lililotengenezwa kwa majira ya joto hugeuka ngumu joto likishuka kuelekea nyuzi sifuri, na haishiki hata kwenye lami isiyo na theluji. Gari la thamani kubwa lenye matairi yasiyofaa hushindwa na gari la posta. Nyuma ya kila ushindi, basi, kulikuwa na mtu asiyejulikana aliyeinama gizani akigusa barabara kwa kidole.

Sasa tuje kwetu, na njia ya kuja ni wazi kwa sababu ni watu wale wale waliopita. Mwaka 1953, wakati Uingereza ikisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, walowezi wa Afrika Mashariki walianzisha mashindano ya magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, wakayapa jina la sherehe hiyo. Baadaye yakajulikana kama Safari ya Afrika Mashariki. Kama Monte Carlo, yalizaliwa chini ya kivuli cha kiti cha enzi, na kama Monte Carlo yalikuja kuwa mashindano ya msimu mbaya: baadaye yalifanyika kipindi cha Pasaka, masika yanapoanza. Matope yalichukua nafasi ya theluji.

Viwanda vya Ulaya vilituma magari na madereva wake mashuhuri. Kwa karibu miaka 20 hakuna hata mmoja kutoka ng'ambo aliyeshinda. Erik Carlsson wa Uswidi, aliyeshinda Monte Carlo mwaka 1962 na 1963 kwa gari la Saab, alikuja na kumaliza wa pili mwaka 1964. Anakumbukwa zaidi kwa jinsi alivyolitoa gari lake topeni mwaka huo kwa kulipindua likabingirika. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili walioongoza walikuwa wakazi wa hapa, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari la umbo la kizamani ambalo mtu wa leo asingelitazama mara mbili. Watu waliojua mto upi unajaa saa ngapi, na tope lipi lina mwamba chini yake, waliwashinda wenye injini.

Wageni wa kwanza kuivunja ngome hiyo walitoka nchi za barafu. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Ufini alishinda kwa Ford Escort. Mwaka 1977 Waldegård naye akashinda kwa Escort. Siamini kwamba ilikuwa bahati. Mtu aliyekulia juu ya barafu anapoteleza kwenye matope ya Uganda hakutani na kitu kigeni kabisa. Mkono wake unajua la kufanya na mguu wake umezoea upole. Kilichobaki ni kujifunza ardhi mpya, na hilo lilihitaji miaka na msaada wa wenyeji.

Njia ilipitika pia kutoka upande wa pili. Datsun 240Z lilikuwa gari la spoti la Kijapani lenye injini ya lita 2.4 na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya. Januari 1972 gari la aina hiyo lilipelekwa Monte Carlo, na Rauno Aaltonen wa Ufini akamaliza wa tatu. Mwaka 1973 likashinda Safari tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta. Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka mmoja kabla ya ushindi huo utawala wa Idi Amin ulikuwa umewafukuza Waasia nchini humo. Alihamia Kenya na kuja kushinda Safari mara tano. Hapo tunaona kwamba elimu ya ardhi haitokani na rangi ya ngozi wala cheti cha uraia. Hutokana na kuishi na ardhi hiyo, na nchi inayofukuza watu hufukuza pamoja nao yale wanayoyajua.

Mwaka 1974 Waldegård alileta Porsche 911 kwenye Safari na akamaliza wa pili. Aliyemshinda ni Joginder Singh, akiwa na Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Bingwa wa theluji, ndani ya gari lililotawala theluji, aliachwa nyuma na kigari cha kawaida kilichoendeshwa na fundi wa Nairobi aliyejua aendako. Wahenga walisema nguvu ya mamba ni maji.

Msomaji makini atanipinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Atasema teknolojia ilikuja kushinda. Ni kweli. Mwaka 1981 Audi walileta Quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Februari mwaka huo Mikkola alishinda nalo mashindano ya Uswidi, juu ya theluji, na tangu hapo magari ya magurudumu mawili hayakurudi kutawala theluji ile. Januari 1983 Walter Röhrl alishinda Monte Carlo kwa Lancia 037, gari la magurudumu ya nyuma, lakini barabara za mwaka huo zilikuwa na theluji kidogo. Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka huo, na hadi leo hakuna gari jingine linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake lililoutwaa tena.

Hata hivyo tazama ramani. Kwenye theluji ya Uswidi gari la magurudumu manne lilishinda mara moja, mwaka 1981. Kwenye Safari magari ya magurudumu ya nyuma yaliendelea kushinda hadi mwaka 1986, Toyota Celica ikishinda mara tatu mfululizo, mara mbili kati ya hizo mikononi mwa Waldegård. Ni mwaka 1987 tu ambapo Mikkola alishinda kwa Audi. Mashine mpya ilihitaji miaka sita kuiweza ardhi yetu, kwa kuwa pamoja na kushika, ilibidi pia ivumilie mawe, mashimo na joto, na itengenezeke porini. Ubunifu ambao ulimaliza mjadala mahali pamoja ulikuta mjadala mwingine mahali pengine.

Na hata pale uliposhinda, haukuifuta fizikia. Magurudumu manne husaidia gari kuondoka. Hayafupishi mita 100 za kusimama kwenye barafu. Leo magari yana mitambo ya kielektroniki inayopunguza nguvu ya injini na kubana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuyumba. Umoja wa Ulaya uliifanya mitambo hiyo kuwa ya lazima kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Imeokoa watu. Lakini mitambo hiyo hugawa vizuri zaidi mshiko uliopo. Haiwezi kuumba mshiko ambao haupo.

Nilipokuwa masomoni Uswidi, nilipata nafasi ya kutazama jambo ambalo lilinifikirisha kuliko mihadhara mingi. Nje ya mji kulikuwa na uwanja uliomwagiwa maji na kufanywa uteleze makusudi. Vijana wa miaka 18, mama wa makamo, wahamiaji kutoka Somalia na Eritrea, wote walikuwa wakipita pale kwa zamu. Mwalimu aliwaambia waongeze mwendo, kisha wabane breki, waone gari linavyowakataa. Kwa sheria ya nchi hiyo hakuna anayepewa leseni ya gari bila kupitia mafunzo ya hatari, yakiwamo ya barabara yenye utelezi. Vilevile matairi ya baridi ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara zinapokuwa na hali ya majira hayo. Yale ambayo Waldegård aliyajua kwa kuzaliwa vijijini, dola iliyafanya kuwa haki na wajibu wa kila raia. Elimu ya wachache iliandikwa, ikafundishwa, ikawa ya umma.

Nikalinganisha na kwetu. Nilipojifunza udereva nilifundishwa alama za barabarani, kuondoka kwenye mlima na kurudi nyuma kati ya nguzo. Hakuna aliyenionyesha gari linafanya nini lami inapolowa kwa mvua ya kwanza, ambapo vumbi na mafuta ya miezi kadhaa hugeuka kuwa sabuni. Wakati huohuo, barabara zetu zimejaa magari ya Kijapani yaliyotumika: Toyota Crown, Mark II, Mark X. Mengi kati ya hayo husukumwa na magurudumu ya nyuma, na Mark X ya lita 2.5 ina nguvu za farasi zaidi ya 200. Yananunuliwa kwa sifa ya mwendo, mara nyingi na vijana, na matairi huwa ni yale yaliyokuja nayo, yamekwisha meno. Tumeagiza nguvu za Porsche ya Monte Carlo ya 1969 na zaidi, lakini hatukuagiza elimu iliyokwenda nayo. Vibaya zaidi, tumeitupa ile tuliyokuwa nayo.

Maana tulikuwa nayo. Kila aliyeandika kuhusu Safari ametaja wanakijiji waliosukuma magari kutoka topeni. Wametajwa kama mandhari, bila majina. Nani aliwauliza walijuaje kwamba gari litoke kwa kurudi nyuma na wala si kwa kwenda mbele? Nani aliandika yale ambayo madereva wa malori na utingo wao waliyajua kuhusu minyororo, matawi ya miti chini ya tairi, na saa ya kungoja jua likaushe njia? Waafrika walichelewa sana kukaa nyuma ya usukani wa magari hayo. Patrick Njiru wa Kenya alipata umaarufu miaka ya 1990, miongo minne baada ya mwanzo. Kwa muda wote huo ujuzi wao ulikuwa mikononi na mabegani, kwenye kusukuma.

Gharama ya kudharau elimu ya ardhi tumeshailipa mara moja, tena kwa hesabu kubwa. Miaka sita kabla ya mashindano ya kwanza, serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, katikati ya Tanganyika. Ilileta matrekta mazito, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa kazi, kwa nia ya kulima ekari zaidi ya milioni 3. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulikauka ukawa kama zege, mibuyu ikavunja majembe, mvua haikunyesha ilivyopangwa mezani London. Wagogo waliijua ardhi hiyo na ukame wake tangu zamani. Mwaka 1951 mradi ulizikwa, na zaidi ya pauni milioni 30 pamoja nao. Nguvu ilikuwepo kwa wingi. Magurudumu yalizunguka mahali pamoja.

Nayasema haya kwa kuwa kila masika tunahesabu maiti barabarani, kisha tunajadili adhabu, faini na matuta. Sizipingi hizo. Lakini zote ni njia za kupunguza nguvu, na hakuna hata moja inayoongeza mshiko. Ninapendekeza mambo mawili ambayo hayahitaji utajiri. La kwanza, mafunzo ya leseni yawe na somo la vitendo la utelezi: kiwanja cha lami, maji, magari mawili makuukuu na mwalimu anayejua vinatosha kuanzia. La pili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Madereva na mafundi walioendesha barabara za udongo za miaka ya 1960 na 1970 bado wapo wachache, wazee sasa, kuanzia Mbeya hadi Eldoret hadi Mbarara. Wanafunzi wa historia wanaokosa mada za tasnifu waende wakawasikilize na kurekodi, kabla elimu hiyo haijazikwa pamoja na wenye nayo.

Mimi nimeshaanza na watatu wa mkoa wangu. Wa kwanza, aliyeendesha lori kwa zaidi ya miaka 30, nilimuuliza siri ya kupita tope. Alinijibu kwamba hapiti mpaka ashuke kwanza, atembee kwa miguu, na aone aliyetangulia alipita wapi na alikwama wapi. Ndiyo kazi ile ile ya watangulizi wa Monte Carlo.